Jina la biashara yako linatumiwa na kampuni ya nje? Soma hapa kabla ya kuchapisha bango

Umeanza kuuza mchele Ubaruku, wilayani Mbarali, na jina la biashara umeshalipata. Unalitafuta Google, unakuta kampuni ya nje inalitumia. Uachane nalo? Si lazima.

Alama ya biashara hulindwa nchi kwa nchi. Iliyosajiliwa Marekani au India haipati haki ya usajili Tanzania Bara mpaka isajiliwe BRELA, na Zanzibar ina BPRA yake. Tena kila usajili unataja aina ya bidhaa: mchele uko daraja la 30, nguo daraja la 25. Ndiyo maana Disney, iliyosajili "Hakuna Matata" Marekani mwaka 2003 kwa ajili ya nguo, haiwezi kutumia usajili huo kumshushia bango mama ntilie wa Mbarali. Mwaka 2018 mitandao ilichafuka kwa suala hilo, wengine wakidhani Kiswahili kimeuzwa.

Kuna wakati mkubwa ndiye anayepisha. Burger King ilipoingia Australia mwaka 1971, jina lilishachukuliwa na mgahawa mmoja wa Adelaide. Hadi leo kule inaitwa Hungry Jack's.

Ila usijipe moyo sana. Jina maarufu ni habari nyingine. Mkataba wa Paris, ambao nchi yetu imo tangu 1963, unalinda alama zinazojulikana sana hata kama hazijasajiliwa nchini. Afrika Kusini, McDonald's ilikuwa haijafungua hata mgahawa mmoja mfanyabiashara wa Johannesburg alipotaka kutumia jina lake. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ikaipa McDonald's ushindi. Kwa hiyo kubandika "Ubaruku" mbele ya jina kubwa si kinga.

Wengi hukwama hapa: cheti cha jina la biashara si umiliki wa alama. Ni sheria mbili tofauti, ingawa zote ziko BRELA. Unaweza kuwa na cheti chako ukutani na bado mwenye alama akakushtaki. Anayesajili alama ndiye anayeweza kuwazuia wengine, kwa miaka 7 ya mwanzo, kisha anahuisha kila baada ya miaka 10.

Anza na mfumo wa BRELA mtandaoni, ORS. Tafuta kwenye majina na kwenye alama pia, na ujaribu maneno yanayotamkwa karibu sawa na lako. Fanya hivyo kabla ya kulipia mifuko, maana mchapaji harudishi hela.