Ziada Juu ya Nini? Mahitaji ya Kujifunza na Kuruta wa Polisi

Katika vikosi 43 vya polisi vya England na Wales, kuna maneno 37 ya Kiingereza ambayo kila kuruta hufundishwa ili aweze kumkamata mtu kwa utaratibu. Ni onyo la kisheria. Linamweleza mtuhumiwa kwamba halazimiki kusema lolote, kwamba akinyamazia jambo atakalokuja kulitegemea mahakamani utetezi wake unaweza kudhurika, na kwamba atakayoyasema yanaweza kutolewa ushahidi. Kuruta mwenye kumbukumbu nzuri ya maneno huyashika kwa jioni moja. Mwenzake mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma na tahajia, anaweza kukielewa kila kipengele cha onyo hilo, akakifafanua kwa maneno yake mwenyewe bila kosa, na bado mpangilio wa maneno 37 ukampotea akiwa amesimama mbele ya mkufunzi na darasa zima.

Sheria yenyewe imeliona jambo hili. Kanuni za utendaji zilizowekwa chini ya Sheria ya Polisi na Ushahidi wa Jinai ya 1984 zinasema kwamba kupotoka kidogo kwenye maneno ya onyo si ukiukaji, mradi maana yake imehifadhiwa. Kwa hiyo darasa linalomwangusha kuruta kwa sababu ametanguliza neno hili badala ya lile linadai kitu ambacho hata mahakama haikidai. Pengo hilo, kati ya kinachodaiwa na kazi na kinachodaiwa na namna ya kufundisha, ndimo inamofanya kazi istilahi ya mahitaji ya ziada ya kujifunza.

Istilahi hii ina historia fupi. Baada ya Sheria ya Elimu ya 1944, watoto wa England na Wales waliosoma kwa shida waligawanywa katika makundi yenye majina ya kitabibu na ya kudhalilisha, likiwemo lile la watoto walio chini ya kawaida kielimu. Mwaka 1978 kamati iliyoongozwa na mwanafalsafa Mary Warnock ilipendekeza majina hayo yaachwe na nafasi yake ichukuliwe na mahitaji maalumu ya kielimu, na Sheria ya Elimu ya 1981 ikalipokea pendekezo hilo. England inaendelea nalo hadi leo. Scotland ilichukua njia nyingine mwaka 2004, ikazungumzia mahitaji ya ziada ya msaada. Wales nayo, kwa sheria yake ya 2018, iliondoa umaalumu na kuingiza ziada: mahitaji ya ziada ya kujifunza.

Sheria hiyo ya Wales inahusu watoto na vijana hadi miaka 25 walio shuleni na katika vyuo vya elimu ya kati. Haimgusi konstebo. Hata hivyo, msamiati wake umevuka mipaka hiyo, na si ajabu: kijana wa Wales anayeingia chuo cha polisi akiwa na miaka 19 amekua nao, na wakufunzi wake wengi wanautumia. Kinachofaa kuangaliwa ni jinsi sheria ilivyoijenga fasili yake. Mtu ana mahitaji ya ziada ikiwa ana ugumu wa kujifunza au ulemavu unaohitaji mafunzo yatolewe kwa namna iliyo ya ziada, au tofauti na ile wanayopewa wenzake kwa kawaida. Hitaji, basi, halipimwi kwa kumtazama mtu peke yake. Linapimwa kwa kumtazama yeye pamoja na kile ambacho mafunzo tayari yanampa kila mtu. Mafunzo yakibadilika, hitaji linaweza kupungua, na huenda likaisha kabisa, ingawa mtu ni yuleyule.

Kiswahili tayari kina usemi uliokaa imara: mahitaji maalumu. Tanzania ina Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, kinachofundisha walimu wa elimu maalumu. Kenya ina taasisi yake ya elimu maalumu, KISE, tangu 1986. Hakuna sababu ya kuliondoa jina hilo mahali lilipozoeleka. Ila masikioni mwa wasomaji wengi, “wenye mahitaji maalumu” limekuwa jina la kundi la watu: wasioona, viziwi, wenye ualbino, wenye ulemavu wa viungo, na kwenye hafla za kukabidhi misaada hata yatima na wazee huwekwa humohumo. Kuruta aliyepita usaili, akafaulu mtihani wa afya na wa mbio, hajioni ndani ya kundi hilo. Akiulizwa kama ana mahitaji maalumu atajibu hapana kwa moyo safi, na tangu hapo hakuna atakayemuuliza tena.

Mahitaji ya ziada ya kujifunza yanamfikia mtu huyo vizuri zaidi, lakini nayo yanataka uangalizi. Ziada katika Kiswahili cha kila siku ina sura mbili. Kuna ziada ya kinachosalia baada ya mahitaji kutimia, kama nafaka ya kuuzwa baada ya kaya kushiba, na kuna ziada ya kinachoongezwa ili jambo likamilike, kama dakika za ziada uwanjani. Istilahi hii inategemea sura ya pili. Ikikatwa na kuachwa mahitaji ya ziada peke yake, msomaji anaweza kuielewa kwa sura ya kwanza, akadhani ni anasa inayoombwa juu ya haki. Tena kuna masomo ya ziada, yaani tuisheni, ambayo mzazi hulipia ili mtoto apate mengi kuliko wenzake. Maana hiyo ni tofauti kabisa. Kwa hiyo usemi uandikwe kwa ukamilifu wake. Mpangilio nao una uzito: mahitaji ya ziada ya kujifunza husomeka bila mashaka, ilhali mahitaji ya kujifunza ya ziada humfanya msomaji asite akitafuta ziada inamilikiwa na nani.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye usemi jirani. Kiingereza kina istilahi ambayo tafsiri yake ya neno kwa neno ni ulemavu wa kujifunza. Nchini Uingereza ina maana ya ulemavu wa akili, yaani upungufu wa uwezo wa jumla wa kufikiri unaoanza utotoni. Nchini Marekani maneno yaleyale yanataja disleksia na hali zinazofanana nayo, ambazo haziambatani na upungufu wowote wa akili. Mfasiri anayechukua makala ya Marekani asubuhi na waraka wa Uingereza jioni, akatumia ulemavu wa kujifunza katika zote mbili, atakuwa amemwita askari hodari jina lisilo lake. Ni salama zaidi kutaja hali yenyewe: disleksia kwa ugumu wa kusoma na tahajia, diskalkulia kwa ugumu wa tarakimu, dispraksia kwa ugumu wa kuratibu mwendo wa mwili, usonji kwa jina lake lililokwisha kuenea, na ADHD kwa vifupisho vinavyojulikana, pamoja na maelezo mafupi kuwa inahusu umakini na utulivu.

Mafunzo ya polisi wa England na Wales yanaonyesha vizuri kwa nini fasili ya uhusiano ni bora kuliko fasili ya kundi. Kuna njia kadhaa za kuingia. Moja ni uanagenzi wa miaka mitatu unaoishia kwenye shahada. Nyingine ni ya miaka miwili kwa mwenye shahada tayari. Na tangu 2024 ipo ya miaka miwili isiyodai shahada. Katika zote, kuruta hukaa darasani, kisha hutoka doria akiwa na askari mlezi, kisha huruhusiwa kufanya doria peke yake. Kila hatua inamwekea mtu yuleyule kipimo kipya.

Mwenye disleksia anaweza kuteseka darasani kwa insha zenye marejeo, halafu akang'aa mtaani anapotuliza ugomvi wa wanandoa. Mwenye ADHD huenda akawa mwepesi kuliko wote tukio linapotokea, akakwama saa tisa usiku mbele ya ripoti tatu ambazo hazijakamilika. Mwenye usonji anaweza kuwa na jicho kali kwa utaratibu na undani, lakini ratiba inayobadilishwa bila taarifa ikamvuruga siku nzima. Diskalkulia inaweza isionekane kabisa hadi mtu aanze kupokea namba za magari kwa redio huku gari la doria likiwa mwendoni. Hapo ndipo msimamizi asiye makini husema kuruta amelegea, wakati kilichobadilika ni kazi aliyopewa.

Msaada wenyewe mara nyingi ni mdogo. Maandishi ya somo hutolewa siku kadhaa kabla. Programu ya kuandika kwa kusema, au ya kusoma kwa sauti, huwekwa kwenye kompyuta. Muda wa mtihani huongezwa. Maelekezo ya doria hutolewa moja baada ya jingine, kisha yakaandikwa. Hata makuruta wasio na ugumu wowote hutegemea viegemeo vya kumbukumbu: kabla ya kumpekua mtu mtaani hukumbushana hatua kwa kifupisho GOWISELY, ambacho kila herufi yake ni jambo la kumweleza anayepekuliwa, kuanzia sababu za upekuzi hadi kwamba amezuiliwa. Kiegemeo hicho ni cha darasa zima, na hakuna anayekiita upendeleo. Kuna pia mambo yanayopendwa kuliko yanavyothibitishwa. Karatasi na vioo vya rangi kwa wenye disleksia, kwa mfano, vina ushahidi hafifu. Askari anayeona vinampunguzia uchovu wa macho apewe, ila kikosi kisijione kimemaliza wajibu kwa kumkabidhi daftari la rangi ya maziwa.

Wajibu huo una jina lake la kisheria, nalo linaweza kuitwa marekebisho stahiki. Kwa miaka mingi polisi walikuwa nje ya ulinzi huu: Sheria ya Ubaguzi wa Walemavu ya 1995 haikuwagusa mpaka tarehe 1 Oktoba 2004. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufani ya Kazi iliamua shauri la mkaguzi mkuu wa polisi wa London mwenye disleksia aliyekuwa akitafuta cheo cha mrakibu. Mwajiri alidai kuwa mtihani wa kupanda cheo si shughuli ya kawaida ya maisha ya kila siku. Mahakama ilikataa, ikasema pia kwamba ukubwa wa athari upimwe kwa kumlinganisha mtu na vile ambavyo yeye mwenyewe angekuwa bila hali hiyo, si kwa kumlinganisha na mtu wa wastani. Leo Sheria ya Usawa ya 2010 inamtaka mwajiri afanye marekebisho hayo, na asipofanya, kutotenda kwenyewe ni ubaguzi.

Stahiki hapa lina kazi ya kubana pande zote mbili. Marekebisho yanayomwacha kuruta palepale si stahiki, na yale yanayoondoa kiini cha kazi pia si stahiki. Askari ni lazima ajue mamlaka yake ya kukamata na aandike maelezo ambayo mahakama inaweza kuyategemea. Kwamba lazima aonyeshe ujuzi huo kwa kuandika kwa mkono ndani ya dakika 60, katika ukumbi wenye watu mia, ni uamuzi wa mtahini, na uamuzi wa mtahini unaweza kubadilishwa.

Haraka ya kufanya hivyo ni kubwa katika kipindi cha majaribio. Kanuni ya 13 ya Kanuni za Polisi za 2003 inamruhusu mkuu wa kikosi kumwachisha kazi kuruta asiyeelekea kuwa konstebo mahiri, kwa njia nyepesi kuliko ile ya askari aliyethibitishwa. Kuruta anayeijua kanuni hiyo huogopa kusema kwamba anasoma kwa shida, na ukimya huo unamnyima msaada ambao ungemnusuru. Vikosi kadhaa vimeanza kutumia pasi ya marekebisho: waraka mfupi unaoeleza kilichokubaliwa, unaotiwa saini na kuruta na msimamizi, na kuhama naye kutoka darasani hadi kwa askari mlezi, kisha hadi kituoni. Hivyo halazimiki kuanza kujieleza upya kila anapopata bosi mpya. Na mezani ambapo Kanuni ya 13 inajadiliwa, pasi hiyo inaonyesha tarehe msaada ulipoombwa na tarehe ulipotolewa.