Vichujio vya Darubini: Kulinda Jicho Wakati wa Kutafuta Hilali na Kupatwa kwa Jua

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Kila ukikaribia mwandamo tunaulizwa kama yafaa kuutafuta mwezi kwa darubini. Wanazuoni wengi wa zama hizi wamekubali, kwa kuwa anayetazama kwa darubini bado anaona kwa jicho lake. Linalosahauliwa ni usalama wa jicho hilo.

Hatari iko wapi

Lenzi yenye upana wa milimita 70 hukusanya mwanga mara 100 zaidi ya mboni ya jicho iliyofunguka milimita 7. Darubini ikielekezwa kwenye jua, mwanga huo wote huingia jichoni na kuunguza retina, yaani utando wa nyuma unaopokea mwanga. Retina haina hisia ya maumivu, hivyo mtu huumia bila kujua, na huenda asipone.

Kichujio cha jua

Kichujio salama huvaliwa mbele ya darubini, kwenye lenzi kubwa inayoelekea jua, ili mwanga upunguzwe kabla ya kuingia. Kile cha kutazamia kwa jicho hupitisha takriban sehemu 1 kati ya 100,000. Kipo chengine cha kupigia picha tu, ambacho hupitisha mwanga mwingi zaidi. Hicho jicho lisikitumie.

Baadhi ya darubini za bei nafuu huja na kioo kidogo cheusi cha kufungwa kwenye lenzi ya jicho. Kitupeni. Hapo ndipo joto linapokusanyika, na kioo hicho huweza kupasuka ghafla jicho likiwa limewekwa. Miwani ya kupatwa kwa jua nayo ni ya jicho tupu. Kuivaa huku ukitazama ndani ya darubini isiyo na kichujio mbele ni sawa na kutovaa kitu. Filamu za eksirei, sidii na kioo kilichopakwa masizi pia havifai.

Kabla ya kila matumizi, kiinue kichujio mbele ya taa. Ukiona tundu au mkwaruzo unaopitisha mwanga, usikitumie. Kifunge imara kisipeperushwe na upepo, na uifunike au uivue darubini ndogo ya kulengea iliyo ubavuni.

Vichujio vya mwezi na vya rangi

Hivi hupunguza mng'ao wa mwezi mkubwa au husaidia kuona sayari. Havizuii madhara ya jua hata kidogo. Kwa hilali havihitajiki: hilali ni hafifu, na kichujio cha mwezi huizidisha ufifi.

Jioni ya tarehe 29

Hilali huwa karibu na jua, na hapa ndipo wengi hukosea. Kichujio cha jua hakiwezi kuionesha, na bila kichujio jua ni hatari. Basi subirini mpaka duara lote lizame kwenye upeo. Kufichwa na wingu au jengo si kuzama. Baada ya hapo tazameni bila kichujio.

Kupatwa kwa jua

Tarehe 2 Agosti 2027, inshaallah, jua litapatwa kikamilifu katika miji ya Jeddah na Makka. Kwetu Zanzibar litapatwa sehemu tu, kwa hiyo hakuna wakati wowote wa kuvua kichujio. Ni msimu wa kusi, angalieni upepo. Darubini isiachwe peke yake penye watoto. Na kutazama kusitushughulishe tukaikosa swala ya kupatwa kwa jua, rakaa mbili zenye rukuu mbili kila moja.

Hukumu

Kutafuta mwezi ni faradhi ya kutosheleza. Wakiifanya baadhi, wengine wameondokewa na dhima. Kuihifadhi nafsi na viungo vyake ni wajibu wa kila mmoja, na sharia imekataza mtu kujidhuru na kumdhuru mwenziwe. Kwa hivyo tunaona haijuzu kuielekeza darubini kwenye jua bila kichujio sahihi mbele yake, na anayewakaribisha watu kutazama anabeba amana ya macho yao. Mwezi usipoonekana, sharia imetupa njia: tunakamilisha siku 30. Jicho likiharibika, halina badala.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.