Mafunzo ya utunzaji wa wazee Maneromango

Mafunzo ya utunzaji wa wazee ni elimu ya kumhudumia mtu wa umri mkubwa katika kula, kuoga, kujisaidia, kutembea na kutumia dawa bila kumvunjia heshima. Tanzania humhesabu mtu kuwa mzee tangu miaka 60. Sensa ya 2012 ilikuta wazee wapatao milioni 2.5, yaani asilimia 5.6 ya watu wote. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilikabidhi jukumu la kuwatunza kwa familia kwanza. Makazi ya wazee, kama yale ya Nunge huko Kigamboni, ni kimbilio la mwisho.

Maneromango, kata ya wilaya ya Kisarawe mkoani Pwani, familia hiyo kwa kawaida ni mwanamke: binti, mkaza mwana au mjukuu. Vijana huenda Dar es Salaam kutafuta maisha, na aliyebaki na bibi ndiye atakayemuuguza, ajue asijue. Nguvukazi basi ipo, ila haina wa kuifundisha. Upungufu huo unashangaza zaidi hapa Uzaramoni, nchi ya Wazaramo, ambako mvulana wa jando ana nyakanga wake, mwali ana kungwi, na mjamzito ana mkunga. Kumtunza mzee ndiko kulikoachwa kila mtu ajifunze kwa kutazama.

Kutazama hakutoshi. Mzee aliyepooza kwa kiharusi akilala ubavu mmoja usiku kucha, ngozi iliyo juu ya mfupa hubanwa na damu haiifikii. Kidonda huanzia nyongani, visiginoni au mwisho wa uti wa mgongo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa mwanzo hauonekani vizuri, kwa hiyo mtunzaji aliyefunzwa hupapasa: penye joto au ugumu kuliko pembeni yake ndipo pa kuhofia. Humgeuza mgonjwa takriban kila baada ya saa mbili, na hamburuti, maana kuburuta huchubua. Hupitisha kanga iliyokunjwa chini ya kiuno, watu wawili wakashika huku na huku, wakamnyanyua kwa pamoja. Kitanda cha kamba kilicholegea hukazwa kwanza. Wakati wa kula, mzee hukalishwa wima na hupewa uji mzito kidogo, kwa kuwa mwepesi humpalia haraka zaidi. Akishashiba hukaa hivyo kwa muda kabla ya kulazwa. Hakuna hata kimoja katika haya kinachohitaji mashine, na makosa yake huua.

Ujuzi huu si mgeni nchini. Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati UKIMWI ulipojaza wagonjwa majumbani, watu wa kujitolea walifundishwa kuosha vidonda, kugeuza wagonjwa na kuwafariji ndugu. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilipoanza kutolewa na serikali mwaka 2004, wagonjwa wa kitandani walipungua, na kwa bahati mbaya mkazo wa kufundisha kazi ya kitandani nao ukapungua. Ungehamishiwa kwa wazee wenye kiharusi, kisukari na usahaulifu, tusingekuwa tunaanza upya.

Nafasi nyingine imejitokeza. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwapata 137,294 katika miaka 5, kila mmoja akisoma miezi 6. Mhudumu wa namna hiyo ndiye anayefaa kuwa mwalimu wa nyumba kwa nyumba: si kumwosha mzee yeye mwenyewe, bali kumwonyesha mkaza mwana pale pale kitandani, kisha kurudi kukagua. Kwa upande wa vyuo, mkoa wa Pwani una urithi mzuri. Shirika la Elimu Kibaha, lililoanzishwa mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Nordiki na kukabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970, liliunganisha tangu mwanzo sekondari, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima. Kozi fupi kwa watunzaji ingeingia vizuri katika utaratibu huo.

Urefu wa kozi si kikwazo. Hata Marekani, ambako Waafrika Mashariki wengi wamepata ajira katika nyumba za wazee, sheria ya shirikisho inamtaka msaidizi wa muuguzi asome saa zisizopungua 75.

Kikwazo kigumu ni malipo. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumpa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni ambayo mwanzoni ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Tanzania Bara haina pensheni ya namna hiyo kwa wazee wote. Mzee aliyeishi kwa mihogo na mikorosho hana cha kumlipa mtunzaji, na msichana atakayepata ujuzi huu Maneromango ataajiriwa kwa urahisi zaidi kwenye nyumba ya mwenye uwezo Dar es Salaam.