Kufungua si kufuta
Kitenzi fungua kimo katika kauli ambayo wanasarufi huiita ya kutendua, yaani kauli inayokirudisha nyuma kitendo kilichokwisha kutendwa, kama ziba inavyozaa zibua na tega inavyozaa tegua. Kinyambo, lugha ya wenyeji wa Karagwe na Kyerwa, nacho hutendua kwa namna hiyohiyo, kwa kuwa kinga, ambayo kwao ni kufunga mlango, huzaa kingura.

Maana hiyo ya kurudisha nyuma ndiyo inayohitajika kwenye kompyuta. Sehemu ya diski, ambayo ni kipande kilichomegwa katika diski moja (kama Kyerwa ilivyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012) na kupewa herufi yake, mathalani D, ikifungwa kwa programu kama BitLocker, yaliyomo hugeuzwa fumbo, na kuifungua ni kulifumbua fumbo hilo kwa nywila au kwa ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48. Fumbua nayo, kwa bahati njema, ni ya kauli ileile. Kwa hiyo fundi anayemwambia karani wa chama cha msingi pale Kayanga au Nkwenda kwamba diski “itafunguka” ikishafomatiwa hukitumia kitenzi isivyo haki, maana D itaonekana tena kwenye skrini, nyeupe na yenye nafasi tele, ilhali orodha ya wakulima na kilo za kahawa walizopima msimu mzima haimo. Hilo huitwa kufuta.