Wakulima wa Mto Tana: Maisha na mustakabali wa vijiji vinavyotegemea mafuriko

KWA mkulima Mpokomo aishiye ukingoni mwa Mto Tana, mafuriko si janga peke yake. Ndiyo yanayomletea rutuba, unyevu na matumaini ya mavuno. Na ndiyo hayo hayo yanayoweza kubeba nyumba, ghala na mifugo yake kwa usiku mmoja.

Kuishi baina ya neema na balaa ndiko kunakoyatambulisha maisha katika vijiji vidogo vya wakulima Waislamu vilivyojipanga kando ya mto huo katika Kaunti ya Tana River, mathalan Wenje na Mnazini.

Katika miongo ya hivi karibuni, mizani imekuwa ikiinamia upande wa balaa. Suala linalowakabili wanavijiji hawa ni iwapo watoto wao watapata maji na ardhi ya kuendeleza kilimo kilichowalea wazee wao.

Wapokomo ni nani?

Wapokomo ni Wabantu ambao lugha yao ina udugu wa karibu na Kiswahili. Wakenya wengi huimba urithi wao bila kujua, kwa kuwa lahani ya Wimbo wa Taifa, ulioanza kutumika 1963, ilitokana na wimbo wa kina mama Wapokomo wa kubembelezea watoto.

Wale wa sehemu za juu za mto, wakiwemo Wandera, Wagwano, Wakinakomba na Wazubaki, aghalabu ni Waislamu. Wale wa sehemu za chini, karibu na delta, wengi wao ni Wakristo kutokana na kazi ya wamishonari waliofika huko mwishoni mwa karne ya 19.

Kijijini, siku hugawika kwa sala. Watu huenda shambani baada ya Alfajiri kabla ya jua kuwa kali, na watoto hugawa muda wao baina ya shule na madrasa. Masuala ya ndoa, talaka na mirathi yanaweza kupelekwa katika mahakama ya Kadhi, ambayo inatambuliwa na Katiba ya 2010, ilhali mizozo ya mashamba kwa kawaida huanzia kwa wazee wa baraza la jadi liitwalo gasa.

Kilimo cha mafuriko

Mto Tana ndio mrefu zaidi nchini. Huanzia milima ya Aberdare na Mlima Kenya na kusafiri takriban kilomita 1,000 hadi Bahari Hindi karibu na Kipini. Vijiji hivi viko katika eneo kame, na mvua inayonyesha hapo haitoshi kumlisha mkulima. Maji anayoyategemea hutoka milimani.

Kwa desturi, mto hufurika mara mbili kwa mwaka: baada ya mvua za masika na tena baada ya vuli. Maji yanapopungua, huacha tope lenye rutuba. Mpunga hupandwa mabondeni ambako maji hukawia, nayo mahindi, pojo na ndizi hupandwa kwenye kingo zilizoinuka. Miembe hupamba vijiji na kuleta fedha taslimu msimu wa maembe unapofika. Katika maziwa madogo yanayoachwa na mto unapobadili mkondo, watu huvua kambare na kamongo.

Ardhi humilikiwa kiukoo. Kila ukoo una kipande kinachoanzia ukingoni na kuelekea bara, ili kila familia ipate sehemu ya chini na ya juu. Mpangilio huo ni bima: mto ukizidi, shamba la juu husalia, ukipungua, la bondeni huokoa.

Mabwawa yabadili mto

Utaratibu huo ulianza kuvurugika serikali ilipojenga mabwawa ya kuzalisha umeme katika sehemu za juu: Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988).

Mabwawa haya yana manufaa makubwa kwa taifa, lakini huzuia sehemu ya mafuriko ya kawaida na kunasa tope ambalo zamani lilirutubisha mashamba. Aidha, yanapojaa, maji yanayomwagika huongezeka kwenye mto ambao tayari umefura. Hivyo, mkulima hukosa mafuriko madogo anayoyahitaji, huku yale makubwa yakiendelea kumfikia.

Mafuriko ya El Nino ya 1997 na 1998 yangali yanakumbukwa. Mwaka wa 2018 maelfu ya watu walihama makwao, na mwishoni mwa 2023 barabara ya kutoka Madogo hadi Garissa ilikatika. Mwaka wa 2024 mto ulivunja kingo tena.

Baadhi ya familia zimejenga makao katika nyanda za juu, mbali na mto, ilhali mashamba yamebaki bondeni. Nyumba husalimika, ila mwendo wa kwenda shambani huwa mrefu, na ni vigumu zaidi kulinda mimea dhidi ya nyani, nguruwe mwitu na viboko.

Pampu na zaka

Wanaotaka kujinasua kutoka kwa kigeugeu cha mto hununua pampu. Hata hivyo, mafuta ya dizeli ni ghali, na vipuri havipatikani kwa urahisi.

Sheria ya Kiislamu inautambua mzigo huo. Mazao yaliyopata maji ya mvua au ya mto bila gharama hutolewa zaka ya sehemu moja kwa kumi; yaliyonyunyiziwa kwa gharama ya mkulima hutolewa sehemu moja kwa ishirini. Zaka huwajibika mavuno yakifika wasaki tano, ambazo hukadiriwa kuwa takriban kilo 650. Msimu mbaya huweza kumfanya mtoaji wa zaka kuwa mpokeaji.

Miradi mikubwa ya unyunyizaji nayo haikutimiza ahadi zote. Ule wa Hola, ulioanzishwa katika miaka ya 1950, ulikwama 1989 baada ya mto kubadili mkondo, na ulifufuliwa miaka mingi baadaye. Huko Bura, mti wa mathenge ulioletwa kwa ajili ya kuni umesambaa na kuvamia mashamba na malisho.

Ardhi na majirani

Majirani wa Wapokomo ni Waorma na Wawardei, wafugaji ambao pia ni Waislamu. Wakati wa kiangazi, ng'ombe wao hawana budi kufika mtoni kupitia njia ziitwazo malka, ambazo hupita kati ya mashamba. Kwa vizazi vingi wazee wa pande zote mbili walikubaliana juu ya njia hizo.

Maji yalipopungua na mashamba kusogea, maafikiano yalidhoofika. Mpango wa kupima na kugawa ardhi ulichangia umwagaji damu wa 2001, kwani mkulima aliona hatimiliki kuwa kinga, naye mfugaji aliiona kuwa ukuta. Baina ya Agosti 2012 na mapema 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta. Kuswali kuelekea kibla kimoja hakukutosha kuzuia maafa pale njia ya kwenda majini ilipozibwa.

Mustakabali

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaruhusu jamii kusajili ardhi yake kwa pamoja. Ikitumiwa vyema, inaweza kulinda mashamba ya koo na malka kwa wakati mmoja, mradi wakulima na wafugaji waketi pamoja kabla ya mipaka kuchorwa.

Vijana hawalingoji hilo. Wengi huenda Hola, Garissa, Malindi na Mombasa kutafuta kazi au kuendesha bodaboda. Wanaosalia huuza maembe kwa madalali kwa bei ya kutupa, kwa kuwa barabara ni mbovu na matunda huoza haraka.

Kilimo hakijafa katika vijiji hivi. Udongo ungali na rutuba, na ujuzi wa kuusoma mto ungalipo miongoni mwa wazee. Kinachokosekana ni sauti ya mkulima pale inapoamuliwa ni lini maji ya mabwawa yafunguliwe na kwa kiasi gani. Mpango wa bwawa jingine kubwa la High Grand Falls ukitekelezwa bila kuzingatia suala hilo, mafuriko madogo yaliyobaki yatazidi kupungua, na mashamba ya mabondeni ndiyo yatakayotangulia kukauka.