Vyura wa Kihansi
Vyura wadogo (Nectophrynoides asperginis) wa korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, mpakani mwa mikoa ya Morogoro na Iringa. Hawatagi mayai: huzaa watoto wadogo kama punje ya mchele. Waligunduliwa mwaka 1996, bwawa la umeme wa megawati 180 likiwa tayari linajengwa. Maji yalipochepushwa kwenda kwenye mitambo, manyunyu ya maporomoko yalikatika, majani yakakauka. Wanasayansi na watetezi wa mazingira walipiga kelele; yakafungwa mabomba ya kunyunyizia, na vyura wapatao 500 wakapelekwa Marekani. Kelele hizo zilichelewa, lakini ndizo zilizowaokoa. Hata hivyo, korongoni hawakudumu: mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Mwaka 2012 walianza kurudishwa korongoni.