Picha za Garimoshi na Reli ya Kusini Iliyong'olewa

Mtu akitoka Lindi mjini kwa njia ya Mingoyo, akafika Mkwaya na kuwauliza wazee wa pale, huonyeshwa tuta refu lililomezwa na nyasi na mikorosho, ambalo kwa macho ya mgeni si kitu ila mwinuko wa udongo, na kwa macho ya wenyeji ni kaburi la garimoshi. Hapo ndipo ilipoanzia, mwaka 1949, Reli ya Kusini iliyokwenda Nachingwea. Na kwa kuwa ilifungwa mwaka 1962, na vyuma vyake baadaye vikang'olewa, umri wake wote haukupita miaka 13, muda ambao mtoto huzaliwa, akatiwa chuoni, akahitimu Kurani na kukaribia kubaleghe. Mimi niliiona mara moja tu, pale Nachingwea, nikiwa mdogo nimeketi begani mwa ami yangu. Na tangu kupata akili nimekuwa nikiitafuta picha yake, nikaanza kupiga za magarimoshi mengine kwa sababu ya kuikosa hiyo.

Ili msomaji afahamu uzito wa reli hiyo, hana budi kukumbuka kwamba pwani hii, tangu zama za kale, iliishi kwa matanga ya majahazi na kwa nyayo za watu. Kilwa Kisiwani, aliyoizuru Ibn Battuta mwaka 1331 akauhimidi uzuri wake, ilitajirika kwa dhahabu ya Sofala iliyoletwa na pepo za msimu. Na Kilwa Kivinje, iliyovuma katika karne ya 19, ilipokea misafara iliyotembea kwa miezi kutoka Ziwa Nyasa, pembe za ndovu zikiwa mabegani mwa wapagazi, na wengi katika hao waliotembea wakiwa wenyewe, ole wao, ni bidhaa ya kuuzwa. Wajerumani walipotawala, reli zao mbili kubwa walizipitisha mbali nasi: moja ikaanzia Tanga mwaka 1893, na ya pili ikaanzia Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Walikuwapo miongoni mwao walioshauri ijengwe ya tatu, itoke Kilwa hadi Ziwa Nyasa kwa kuifuata ile njia ya misafara, lakini shauri hilo halikupita karatasi. Na mwaka ule ule wa 1905, jembe la kwanza la reli lilipopigwa Dar es Salaam, vilima vya Umatumbi nyuma ya Kilwa vilikuwa vikiwaka vita vya Maji Maji. Basi kwa miaka mingi baadaye, chuma kilichobiringika juu ya chuma katika upande wetu kilikuwa hasa ni matoroli ya mashamba ya mkonge.

Kilicholeta garimoshi kusini kilikuwa ni uhaba wa mafuta ya kula katika nchi ya Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya United Africa, alitoa rai kwamba karanga zilimwe Afrika ya Mashariki kwa mitambo. Ikatumwa tume iliyoongozwa na John Wakefield, nayo ikapendekeza ekari 3,210,000 zigawanywe katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, ambayo 80 kati yake yawe Tanganyika, na katika hayo 80, mashamba 55 yawe katika Jimbo la Kusini. Yaani zaidi ya nusu ya matumaini yote ya skimu ile, kama watu walivyozoea kuiita, yaliwekwa katika nyika za Nachingwea, mahali pasipokuwa na reli, wala bandari ya kina, wala barabara ya kustahimili masika. Na kwa hiyo ikalazimu kwanza vitengenezwe hivyo, ndipo karanga zipate pa kupita.

Kazi ilianzia Mkwaya, katika hori la mto Lukuledi, kwa kuwa huko ndiko vyombo vilikoweza kufika kwa upesi. Meli kubwa zilitia nanga nje, shehena ikateremshwa katika matishali, matishali yakaingia horini kwa kuvizia maji kujaa, na makuli wakapakua matrekta, mapipa ya mafuta, mataruma na pau za reli juu ya nchi iliyokuwa nusu tope na nusu mikoko. Wakati huo huo Mtwara, iliyokuwa na ghuba yenye kina na amani lakini haina mji wa kutajika, ilichaguliwa iwe bandari ya milele. Hata hivyo ardhi ilikuwa na hukumu yake: udongo ulikauka ukawa mgumu, mvua zikapungua, mitambo ikavunjika, na watu waliokuwa wakizilima njugu kwa jembe la mkono na kuijua tabia ya mvua zao hawakuwa ndio walioshika usukani wa shauri. Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kuiacha skimu kwa sura yake ile, na takriban pauni milioni 36 zikahesabiwa kuwa zimepotea.

Reli, kwa ajabu ya mambo ya dunia, iliendelea kujengwa baada ya kufa jambo lililoizaa. Bandari ya Mtwara na njia ya kuiunganisha na ile ya Nachingwea zilikamilika mwaka 1954, na hivyo garimoshi likapata safari ya zaidi ya kilomita 200 ilhali karanga zilizongojwa hazikuwapo. Ikawa kama nyumba iliyoezekwa mwenyewe akiwa amekwisha kuzikwa. Shirika la Reli na Bandari la Afrika ya Mashariki liliiendesha kwa mazao yaliyopatikana, lakini hayakutosha kulipa gharama, hata mwaka wa kwanza wa Uhuru ikafungwa. Watu wa kusini wakarudi katika malori yaliyokwama kila masika na katika meli za pwani. Na kivuko cha Rufiji kiliendelea kuwa mlango wa subira mpaka lilipofunguliwa Daraja la Mkapa mwaka 2003.

Sasa niseme juu ya picha. Katika miji yetu ya pwani fani ya upigaji picha ilitangulia zamani kabla ya reli hii: Unguja walikuwako Wagoa wenye studio tangu karne ya 19, na Dar es Salaam ya Wajerumani alikuwako Walther Dobbertin, ambaye picha zake nyingi zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa za Ujerumani. Lakini mtu wa Lindi wa miaka ya 1950 alikwenda studio kupigwa picha ya uso wake: amevaa kanzu iliyopigwa pasi, au amesimama na bibi arusi, na nyuma yao pazia lililochorwa bustani isiyokuwa ya nchi hii. Haikumpitikia kwamba garimoshi linalopita kila siku lina haja ya kupigwa picha, kwa kuwa mtu hakitii katika sanduku la kumbukumbu kitu anachodhani atakiona na kesho. Fauka ya hayo, kamera na mikanda yake vilikuwa ni mali ya wenye nafasi. Kwa hiyo picha za Reli ya Kusini nilizobahatika kuziona ni za wageni na za maofisa: watu wa kofia pana mbele ya mtambo, bendera, tabasamu za siku ya kwanza. Gengi la njia halimo. Na kama limo, limesimama kando, nusu ya mtu imekatwa na ukingo wa picha.

Tofauti hii ilinidhihirikia zaidi nilipozisoma habari za wapenzi wa magarimoshi wa kaskazini ya Uingereza, nchi iliyoizaa reli ya umma kati ya Stockton na Darlington mwaka 1825. Huko, vijana wa shule, watoto wa wachimba makaa na wa makarani, walisimama katika majukwaa ya York, Doncaster, Newcastle na Carlisle wakiwa na daftari, kalamu na kamera duni, wakaandika namba ya kila kichwa cha treni kilichopita. Na ilipofika Agosti 1968 magarimoshi ya mvuke yakakoma katika njia kuu za nchi yao, walilia, kisha wakayageuza mapenzi yao kwa dizeli. Walizipenda hasa zile 22 zilizoitwa Deltic, zilizojengwa mwaka 1961 na 1962, kila moja yenye nguvu za farasi 3,300, ambazo ziliruka kati ya London na Edinburgh kwa maili 100 kwa saa, na zikapewa majina ya farasi wa mbio na ya vikosi vya jeshi. Zilipostaafu Januari 1982, umati ulikwenda kuziaga kwa kamera; na leo hakuna hata moja katika hizo 22 isiyokuwa na sahifa zake za picha, kama mtu mwenye nasaba inayojulikana.

Nami nisingeyataja hayo lau kuwa hayatuhusu. Deltic zilitoka katika kiwanda cha Vulcan Foundry, mji wa Newton-le-Willows katika jimbo la Lancashire. Na chini ya paa la kiwanda hicho hicho ndiko zilikotengenezwa, kuanzia mwaka 1960, dizeli kubwa za kampuni ya English Electric zilizoletwa kwa Reli za Afrika ya Mashariki. Kadhalika kutoka Gorton, katika mji wa Manchester, yalikuja mwaka 1955 na 1956 yale magarimoshi 34 ya aina ya Garratt yaliyopewa majina ya milima yetu, makubwa kuliko yote duniani katika njia ya upana wa mita moja, na mojawapo, lenye jina la Gelai, mlima wa Tanzania, limehifadhiwa hata leo katika makumbusho ya reli ya Nairobi. Chuma kilikuwa ni cha mafundi wale wale. Kilichotofautiana ni nani aliyekuwa na kamera, na nani aliyedhani kwamba anaruhusiwa kupenda.

Mimi nilipata kamera yangu ya kwanza, ya mitumba, katika miaka ya mwisho ya 1970, nikiwa kijana wa kazi Dar es Salaam. Reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 na mahandaki 22, ilikuwa imekabidhiwa kwa Tanzania na Zambia Julai 1976, na vichwa vyake vya dizeli vilikuwa vimetoka China. Siku za mapumziko nilitoka nje ya mji, mahali njia ikatizapo mashamba ya mihogo, nikangoja. Dizeli haina moshi mwingi wa kuitangulia. Kwanza huja mtetemo katika nyayo, kisha hewa juu ya reli huanza kucheza kama maji, na kichwa kinatokea ndani ya mchezo huo, kimya, mpaka ghafla ni ngurumo na harufu ya mafuta na nyuso katika madirisha. Mkanda ulikuwa na picha 36, na ilinibidi nizitoshe kwa miezi miwili. Basi nilijifunza kubana pumzi, kulipa jua mgongo, na kufyatua mara moja tu. Nyingi ziliharibika, kwa kuwa mkono wangu ulitetemeka pamoja na ardhi. Zilizosalimika zimo ndani ya bati la biskuti, na sina mali nyingine ninayoiogopea moto kama hiyo.

Leo, treni ya umeme imeanza tangu mwaka 2024 kwenda Morogoro na Dodoma, na kila kijana ana kamera ndani ya simu yake. Na mara kwa mara husikika tena azma ya reli ya kusini, itoke Mtwara hadi Mbamba Bay katika Ziwa Nyasa, ikitimiza kwa njia nyingine ile ndoto ya Kilwa. Naomba dua ijengwe. Lakini kabla ya hapo wako wazee Lindi, Mtwara, Ruo na Nachingwea waliotandika mataruma ya njia ile ya kwanza, na kila mwaka wanapungua. Na wajibu wa wenye simu ni kwenda kuwapiga picha wao, na mikono yao, na lile tuta, na kuandika wanayoyasema.

Hilo nilifundishwa na ami yangu. Alikuwa mtu wa gengi, miongoni mwa wale waliokabidhiwa kipande chao cha njia wakikague kila alfajiri, wakaze misumari, wafyeke nyasi na kushindilia kokoto chini ya mataruma. Uzeeni mwake nilimpelekea Lindi picha yangu iliyo bora, ya treni ya abiria iendayo Zambia, nikitaraji astaajabie ule ukubwa wa dizeli. Aliisogeza dirishani, akaipitisha dizeli kama asiyeiona, kidole chake kikashuka chini ya magurudumu na kutembea taratibu juu ya mataruma ya zege, moja baada ya moja, mpaka ukingoni.

"Gengi la hapa ni hodari," alisema. "Tazama kokoto zilivyokaa."

Kisha akaigeuza, akaukuta mgongo wa picha ni mweupe, akanirudishia mikononi.

"Andika ni wapi na ni lini, mwanangu. Yetu sisi haikuandikwa."

Nikatoa kalamu, nikaandika mbele yake, naye akangoja wino ukauke ndipo akaipokea tena.